Mashine Darasani na Deni Letu kwa Mtoto

Siku hizi ni shida kupata mkutano wa wazazi au kikao cha bodi ya shule kinachokwisha bila mtu kusimama na kutaja kompyuta. Mmoja ataka shule inunue vishikwambi. Mwingine asema simu zimekwisha kuwaharibu watoto, na ya kwamba heri turudi kwenye ubao na chaki. Wa tatu, naye mara nyingi ndiye mtunza fedha, auliza nani atalipa. Hatukusudii kuliamua shauri hili lote katika ukurasa mmoja. Twataka kushika swali moja tu, ambalo twaona lasahauliwa katikati ya maneno hayo, nalo si swali la ufundi wala la fedha, bali la haki. Tunapompelekea mtoto mashine, je, tumempa lile tunalowiwa naye, au tumempa kitu kingine mahali pake?

Swali hili laonekana wazi zaidi katika nchi ya Kilosa kuliko katika miji mikubwa. Mtu atokaye Morogoro kwa barabara kuu iendayo Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha huingia katika mji mdogo wa Mikumi wenye malori, nyumba za wageni, maduka ya simu na chuo cha ufundi cha VETA. Akiiacha lami ya barabara kuu na kushika njia ya kaskazini, atapita kijiji kiitwacho Ulaya (jina ambalo huwachekesha wageni) na hatimaye atafika Kilosa, mji wa reli tangu wakati wa Wadachi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme iendayo Dodoma yapita katika wilaya hiyo, ikitoboa milima kwa mahandaki. Hayo yote ni maendeleo, nasi twayafurahia. Lakini juu ya mji, katika milima ya Rubeho na ya Ukaguru, na huko kusini katika milima ya Wavidunda, mna shule ambazo mwalimu mgeni hufika akiwa amebeba sanduku lake kichwani, naye huanza kufikiri juu ya uhamisho kabla hajalifungua.

Kusini mwa Mikumi, kwenye Mto Ruaha Mkuu, lipo bwawa la Kidatu, ambalo mitambo yake ilianza kutoa umeme mwaka 1975, na uwezo wake ni megawati 204. Kwa miaka mingi umeme ule ulisafiri kwa nyaya ndefu kwenda Morogoro na Dar es Salaam, ukipita juu ya mapaa ya nyasi ya watu waliosomea kibatari. Leo mambo yamebadilika sana, na nguzo zimefika vijiji vingi ambavyo wazee wake hawakutumaini kuziona. Walakini nguzo kufika kijijini si sawa na taa kuwaka darasani, na taa kuwaka si sawa na mtu kuwapo chini yake akifundisha. Twaikumbusha habari hii ya nyaya kwa sababu mashine za elimu nazo zaweza kupita vivyo hivyo juu ya vichwa vya watu.

Tuseme mapema ya kwamba hatuandiki kwa hofu. Nchi yetu imewahi kujaribu njia ya kufunga mlango. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, hali Zanzibar ilikuwa nayo miaka ishirini kabla. Hoja ya wakati ule ilikuwa na uzito wake: chombo cha gharama kubwa huwafaa kwanza wachache wa mjini, na gharama yake hulipwa na mkulima. Lakini mlango uliofungwa haukumwongezea mtoto wa mkulima kitabu hata kimoja, na ulipofunguliwa, walioingia kwanza walikuwa wale wale wenye nacho. Kufunga mlango kulichelewesha udhalimu bila kuuondoa.

Wala faida za vyombo hivi si za kutiliwa shaka. Mwalimu wa Baiolojia asiye na maabara aweza kuwaonyesha wanafunzi moyo ukipiga, vali zikifunguka na kufunga, jambo ambalo chaki haliwezi kamwe. Mtoto mwenye macho hafifu aweza kukuza herufi kwa kidole. Taasisi ya Elimu Tanzania imekwisha kuviweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, hata mwalimu wa kijijini akipata njia ya intaneti aweza kukisoma kitabu ambacho nakala yake haijamfikia. Vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu wa shule za Serikali, na hiyo ilikuwa akili njema, kwa kuwa chombo kilitiwa kwanza mkononi mwa mwalimu. Na katika chuo cha Mikumi hapana anayebishana kama mashine yafaa kuwamo darasani au haifai, kwa sababu pale mashine ndiyo somo lenyewe, na fundi asimama kando ya kijana anapoishika.

Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka msomaji aitazame. Miaka hamsini iliyopita taifa letu lilitumia chombo cha mbali kwa busara ambayo twadhani haijapitwa na wakati. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma kumi na mawili watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza mafundisho juu ya malaria, kuhara na usafi wa maji, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Wengi wakumbuka redio. Wachache wakumbuka ya kwamba, kabla redio haijafungua kinywa, walikuwa wamekwisha kufundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, kila mmoja akiwa na kijitabu mkononi. Sauti ilikuwa moja. Watu wa kukaa kando yake, kuuliza maswali na kumtazama jirani asiyeelewa walikuwa elfu sabini na tano.

Tulinganishe na mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya ugonjwa wa korona na kukaa zimefungwa, nyingi kati yake, mpaka mwisho wa Juni. Masomo yalitolewa kwa redio na televisheni, na waliofanya kazi ile wastahili shukrani. Lakini mtoto alikaa peke yake mbele ya sauti, kama nyumbani mwao sauti hiyo ilikuwapo. Na huko Peru, Amerika ya Kusini, kompyuta mpakato zaidi ya milioni moja ziligawiwa kwa wanafunzi bila kuunganishwa na ufundishaji, na elimu yao haikuongezeka. Shirika la UNESCO lilitaja mfano huo katika taarifa yake ya mwaka 2023, ambayo jina lake lilikuwa swali: chombo hiki ni kwa masharti ya nani?

Kama mambo yangeishia hapo, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Tungesema mashine pamoja na mwalimu ni baraka, mashine pasipo mwalimu ni bure, tukaweka kalamu chini. Lakini lipo jambo lililotendeka katika nchi yetu wenyewe ambalo halituruhusu kusema hivyo, na mwandishi mwaminifu hana budi kulikabili.

Kati ya mwaka 2017 na 2019 yalifanyika majaribio katika Mkoa wa Tanga, katika vijiji vipatavyo 170. Shindano la kimataifa liitwalo XPRIZE, likisaidiana na Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, liliwapa watoto karibu elfu tatu vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wa watoto hao, karibu watatu katika kila wanne, walisemekana hawajapata kwenda shule hata siku moja. Zaidi ya tisini katika kila mia hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Hawakupewa mwalimu. Walipewa mashine, na kituo cha umeme wa jua cha kuichajia. Baada ya miezi kumi na mitano hesabu ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei mwaka 2019 tuzo ya dola milioni kumi iligawanywa sawasawa kwa washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Tusiyadharau mambo haya. Mtoto aliyekuwa gizani akajifunza kusoma jina lake amepata kitu ambacho hapana mtu awezaye kumnyang'anya. Basi, je, tungekuwa na haki ya kumnyima kishikwambi kile, tukimwambia angoje mpaka mwalimu apatikane? Yawezekana mwalimu angepatikana yeye akiwa amekwisha kuoa. Twajibu bila kusitasita: hatungekuwa na haki. Wale wanaosema mashine isiguse mtoto mpaka kila jambo liwe tayari, mara nyingi watoto wao wenyewe wamo katika shule ambazo kila jambo li tayari.

Lakini ni jambo moja kumpa mwenye haja kile kilichopo, na ni jambo jingine kabisa kuandika katika daftari ya hesabu ya kwamba deni limelipwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulitoa onyo ambalo lafaa kusomwa katika kila kikao cha misaada: kitu ambacho mtu amestahili kwa haki kisitolewe kana kwamba ni zawadi ya upendo. Mwalimu ni haki ya mtoto. Tangu ada ilipoondolewa katika shule za Serikali mwaka 2016, wazazi waliambiwa wawalete watoto, nao wakawaleta, hata madarasa yakafurika. Jumuiya iliyomwita mtoto imejifunga mbele yake. Mashine iliyotolewa mahali ambapo mwalimu hayupo ni msaada wa dharura, kama unga unaogawiwa wakati wa mafuriko ya Mkondoa. Unga ule ni halali na ni wa lazima. Ila hakuna mkulima wa Kilosa atakayekubali kuambiwa ya kwamba, maadamu amepata unga, shamba lake lisirudishwe.

Na majaribu ya kusema hivyo ni makubwa kuliko tunavyodhani, wala hayatoki kwa watu wabaya. Kishikwambi hununuliwa mara moja. Hukabidhiwa mbele ya mgeni rasmi, watoto huimba, picha hupigwa, na aliyekitoa hushukuriwa. Mwalimu hulipwa kila mwezi kwa muda wa miaka thelathini na zaidi. Ahitaji nyumba, huugua, huzaa, hudai malimbikizo, na hapana mtu anayeukatia utepe mshahara wake. Ndiyo maana ofisi, na wafadhili, na hata parokia zetu, huona wepesi wa ajabu kutoa kile cha kwanza na uzito wa ajabu kutoa cha pili. Hatumtaji mtu. Kila mwenye kuketi katika kamati aichunguze hesabu ya kamati yake.

Msomaji mwerevu aweza kutuuliza hapa: mwalimu ana nini hasa ambacho mashine haina, hata mkasema ni haki ya mtoto? Swali hili si jipya. Mtakatifu Agostino, yapata mwaka 389, aliandika kitabu kiitwacho Juu ya Mwalimu, ambamo ajadiliana na mwanawe Adeodato, kijana wa miaka kumi na sita. Mwisho wa hoja zake ni wa kutisha kidogo kwa sisi tuliopata kushika chaki. Asema maneno ya mwalimu ni ishara tu. Hayawezi kuitia kweli ndani ya mwanafunzi. Mwanafunzi huyapima maneno yale kwa nuru iliyo ndani yake, na Mwalimu wa ndani ni Kristu peke yake. Kama ni hivyo, mtetezi wa mashine aweza kusema, ishara ni ishara, zitoke kinywani au zitoke katika kioo. Tena mashine haichoki, haipigi, haimdharau mtoto wa maskini, na programu zilizo bora humtazama mtoto akikosea na kumpa zoezi linalomfaa. Twakiri ya kwamba walimu wengine hawafanyi hata hayo.

Sisi twaona jibu halimo katika kufahamisha, bali katika kuwajibika. Adeodato hakuwa mbele ya ishara. Alikuwa mbele ya baba aliyemzaa, ambaye angetoa hesabu juu yake. Mwalimu wa kweli ni mtu anayeweza kuulizwa: mtoto yuko wapi? Tufikiri juu ya mtoto wa kijiji kilicho mpakani mwa Hifadhi ya Mikumi, ambaye mahindi yanapokomaa hukaa shambani usiku kuwafukuza wanyama, na asubuhi hulala. Au mtoto wa mfugaji wa Parakuyo ambaye ng'ombe wamemchukua mbali. Mashine iliyoachwa juu ya dawati itamngoja kwa uvumilivu usio na mwisho, na uvumilivu huo ndio upungufu wake. Haitawauliza wenzake mbona fulani haonekani siku ya tatu leo. Haitapita kwa mama yake wakati wa jioni. Haitasikia fununu ya kwamba binti wa Darasa la Sita ataka kuozwa, wala haitakwenda kwa mtendaji wa kijiji kulisema. Yaweza kuandika ya kwamba hakufika. Kuandika si kwenda. Mchungaji wa Injili aliwaacha kondoo tisini na tisa akamtafuta mmoja, na kazi hiyo huhitaji miguu.

Hata katika vijiji vya Tanga mtu hakukosekana kabisa. Vituo vile vya umeme wa jua viliwekwa chini ya uangalizi wa wanakijiji, wanawake wengi wakiwamo, waliohakikisha ya kwamba vyombo vinachajiwa na watoto wanavipata. Hawakuajiriwa kufundisha. Lakini twadhani mtu akiandika kwa ukamilifu habari ya majaribio yale, atalazimika kuwatengea wanawake hao sura nzima.

Juu ya ile iitwayo akili mnemba, yaani mashine inayojibu maswali kwa maneno kama ya mtu, tutasema machache, kwa kuwa mambo yake yabadilika kila mwezi. Mwezi Januari mwaka 2025 ofisi mbili za Baba Mtakatifu zilitoa hati iitwayo Antiqua et Nova, iliyosisitiza ya kwamba kuwapo kwa mwalimu mbele ya mwanafunzi kuna nguvu ambayo mashine hiyo haiwezi kuiiga. Kwa shule zetu hatari iliyo karibu ni ndogo zaidi na ya aibu zaidi: mwanafunzi aandikiwe insha na mashine, na mwalimu aliyelemewa na madaftari mia moja na hamsini aisahihishe kwa mashine, wote wawili wakabaki wanatazamana bila mmoja wao kufanya kazi. Mwanafunzi atakosa, na mwalimu naye, lakini kati yao wawili hatumlaumu mwalimu kwanza. Mpeni madaftari arobaini, ndipo mumhukumu.

Basi twaomba nini? Kwa walio katika vyuo vya ualimu, kama kile cha Ilonga kilicho karibu na mji wa Kilosa, twaomba kila mwalimu kijana atoke akijua kukiongoza chombo hiki, akijua pia kufundisha somo lile lile siku umeme ukikatika. Kwa wazazi wa Mikumi wenye uwezo, wasidhani ya kwamba simu waliyomnunulia mtoto imewapunguzia jambo lolote. Mtaguso huo huo uliwaita wazazi walezi wa kwanza, nao walezi hawana naibu wa kununuliwa dukani. Kwa wafadhili, wakituletea mashine wazianzishe katika shule iliyo mbali na barabara, wala si katika ile ambayo gari lao lafika bila kutia matope, na pamoja nazo waweke fedha za matengenezo na za kumfundisha atakayezitumia.

Na kwa halmashauri za walei wa parokia za huku kwetu, ambazo twasikia zapanga michango ya mwaka ujao, twaomba kabla ya kuhesabu vishikwambi zihesabu kwanza nyumba za walimu. Mwalimu haikimbii milima ya Uvidunda kwa kuwa hawapendi watoto wa Kividunda. Aikimbia kwa kuwa alipangiwa chumba kimoja chenye paa linalovuja, yeye na mkewe na mtoto mchanga. Kama fedha zatosha kwa jambo moja tu, ama nyumba ya mwalimu huko juu ama vishikwambi kwa shule iliyo kando ya barabara kuu, sisi twasema ijengwe nyumba. Matofali hufyatuliwa wakati wa kiangazi. Masika ikiisha tu, kazi yaweza kuanza.